Bhagubai Hatumii Tumbaku

Mtaa mzima wa nyuma ya hekalu la Ambabai, pale Kolhapur, ulijua kwamba Bhagubai hatumii tumbaku. Ulijua kwa sababu mwenyewe aliutangazia asubuhi na jioni bila kuombwa. Mtu akipita na biri mdomoni, Bhagubai anaziba pua kwa ncha ya sari. Dereva wa bajaji akitema mate mekundu ukutani, anamwagiwa maneno mpaka anakwenda kutafuta maji afute. Na mumewe, mzee Dattaram fundi cherehani, mtu mpole asiyeweza kugombana hata na kuku, alikuwa na mazoea ya kusugua tumbaku na chokaa kiganjani na kuibana chini ya mdomo. Basi huyo hakuvuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe mpaka ateme na asukutue.

"Tumbaku ni ya wahuni," Bhagubai humwambia. "Angalia meno yako. Mtu anaweza kudhani umekula makaa."

Mzee Dattaram huangalia chini, husukutua, huingia ndani. Alishajifunza kwamba mke huyu hajibiwi, anasubiriwa amalize.

Sasa sikiliza. Kila alfajiri Bhagubai hutandaza majani makavu juu ya kikaango cha chuma, akayachoma mpaka yakawa meusi tii na moshi ukawakohoza majirani. Huyaponda, huyachekecha, hutia ule unga kwenye kikopo, na kikopo hukaa kiunoni mwake mchana kutwa. Kisha huketi kwenye ngazi ya mlango, akachovya kidole, akajisugua ufizi. Juu, chini, mbele, nyuma, polepole, macho yamefumba nusu. Hapo hata nyumba ikiungua hatainuka. Adhuhuri anasugua tena. Akisha kula, tena. Akiudhiwa, tena, na Bhagubai alikuwa mtu wa kuudhiwa sana. Majani yale yalikuwa majani gani? Tumbaku, bwana, tumbaku tupu. Lakini ikishaungua na kusagwa jina lake linakuwa mishri, na mishri, kwa akina mama wa Kolhapur, ni dawa ya meno. Mama yake alimpaka akiwa mtoto, siku jino lilipomuuma, na yeye akawapaka wengine. Hakudanganya mtu. Aliamini kwa moyo wake wote. Nyani haoni kundule, wala hakuna mtu mtaani aliyemwonyesha, maana kila mwanamke pale alikuwa na kikopo chake.

Bhagubai alikuwa na sifa nyingine, na hii ilikuwa ya kweli. Kule kwao mke hatamki jina la mumewe. Atasema "baba fulani", atasema "mwenyewe", atakohoa, lakini jina halitaji. Siku za harusi tu ndipo wanawake humkaba mwanamke mwenzao mpaka alitaje, na hapo lazima alifiche ndani ya ubeti wa papo kwa papo, wenye vina. Ukikwama unachekwa mpaka wajukuu zako wanasikia. Bhagubai hakuwahi kukwama. Wanawake walitoka mitaa ya mbali kuja kumsikia akisimama, kiuno kashika, na kutoa kama hivi:

*Suti hushona za watu, yake haina vifungo,*
*Dattaram mume wangu, mpole hana maringo.*

Wanawake wanavunjika mbavu, na mzee Dattaram, huko upande wa wanaume, anashikashika shati lake kuhakikisha. Hakuna harusi iliyohesabiwa harusi mtaani bila ubeti wa Bhagubai. Mkaza mwana wake, Sulabha, mwanamke mkimya aliyeolewa na mwanawe Vilas, hakuwahi kupata zamu. Wanawake wakimgeukia tu, Bhagubai alishasimama.

Mwaka huo Rupali, binti wa Sulabha, akachumbiwa. Harusi ikapangwa baada ya mavuno ya miwa. Na bibi wa bwana harusi alikuwa nani? Sarubai wa kijiji cha jirani, aliyesifika kwa beti kule kwao kama Bhagubai huku. Watu wakaanza kungojea siku ile kama wanavyongojea mieleka.

Ni wakati huohuo jino likacheza. Bhagubai alikuwa anauma kipande cha bhakri, mkate wao wa mtama, na pilipili ya kuponda, akasikia jino la mbele la juu linarudi nyuma kidogo, kisha linarudi mahali pake. Akaacha kutafuna. Akaligusa kwa ulimi. Likayumba. Akaligusa la pembeni yake, nalo likayumba, ila kwa adabu zaidi.

"Sulabha," akaita. "Hebu sema 'Dattaram'."

"Mama, mimi nitajeje jina la baba mkwe?"

"Basi nyamaza." Akaweka mkono mdomoni, akajaribu mwenyewe kwa kunong'ona. D inataka meno. T inataka meno. Mume angekuwa anaitwa Baba au Mamu, pasingekuwa na taabu. Alimkasirikia mumewe mchana kutwa kwa kuwa na jina lile, na mzee wa watu hakujua kosa lake.

Bhagubai aliogopa. Niseme wazi, maana mwenyewe hakusema: aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kujifungua. Asimame mbele ya Sarubai na pengo, jina litoke kama upepo wa mlango mbovu, na wanawake waliokuja kumsikia miaka yote wacheke kicheko kingine. Akaongeza mishri. Akasugua mpaka kidole kikachoka. Meno yakazidi kuyumba.

Sulabha ndiye aliyesikia kwamba chuo cha meno kinatibu ufizi bure kwa watu wanaokubali kupimwa mate kwa ajili ya utafiti. Wakaenda wote wawili.

Daktari wa utafiti alikuwa binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, anaitwa Namrata, ametoka mbali kaskazini, na Kimarathi chake kilikuwa bado kinanuka duka. Alikuwa na mabenchi mawili. Benchi la kwanza la wagonjwa wa ufizi wanaotumia tumbaku, la pili la wasiotumia. Alitaka kujua tumbaku inawazidishia nini wa kwanza.

"Bibi, unavuta tumbaku?"

"Mimi? Toba."

"Unatafuna?"

"Binti, unaniona mimi dereva wa lori?"

"Unaibana mdomoni?"

"Muulize huyu mkaza mwana wangu. Tumbaku haivuki mlango wangu. Hata mume wangu anatemea nje."

Sulabha akatazama dari. Daktari akaridhika. "Na meno unayasafisha kwa kitu gani?"

"Mishri," akasema Bhagubai kwa fahari.

Daktari akainua kichwa. Huko kwao kaskazini neno ni hilohilo, lakini kitu ni kingine kabisa: mishri ni sukari mawe, ile nyeupe ya vipande vinavyong'aa. "Mishri? Unajisugua mishri menoni?"

"Tangu utotoni."

"Lo, Bibi, inaharibu meno hiyo. Mishri ni ya kuwapa watoto kidogokidogo."

Bhagubai akamkodolea macho. "Kwenu mnawapa watoto mishri?"

"Tunawapa. Na wageni pia, wakisha kula. Na hekaluni tunaweka mbele ya mungu, kisha tunagawiana."

Bhagubai alirudi nyumbani hoi. Jioni ile mtaa mzima ulipata habari kwamba watu wa kaskazini wanawalisha watoto na miungu dawa ya meno. "Na huyo ndiye daktari," alisema, akichovya kidole kikoponi. "Ila mkono wake mwepesi, sikatai."

Kweli mkono ulikuwa mwepesi. Daktari Namrata alipima ufizi kwa kijiti chembamba cha chuma, akamwonyesha kwenye kioo jinsi ulivyoachana na meno ukafanya vifuko, na vifuko vimejaa uchafu, na mfupa ulioshika jino unaliwa chini kwa chini. Akachukua mate, akachukua matone kutoka ndani ya ufizi, akasafisha upande mmoja, akampa siku nyingine ya kurudi. Bhagubai akaketi benchi la pili pamoja na walimu na walimbwende, mgongo umenyooka, akiwatupia wale wa benchi la kwanza jicho la huruma. Kule walikaa madereva, wabeba mizigo, na mzee mmoja aliyekuwa anatemea kwenye kikombe chake cha chai.

Majuma yakapita, majibu yakaja, daktari akamwita na uso wa mtu aliyepoteza funguo.

"Bibi, mate yako yanasema jambo ambalo mdomo wako hausemi."

"Yanasemaje?"

Daktari akavuta kiti, maana alikuwa mtu mwenye subira. "Mwilini mwetu kila siku zinaruka cheche. Tukila, tukipumua, tukipigana na vijidudu, cheche. Zikiachwa zinaunguza nyama ya mwili. Kwa hiyo mwili una vimeng'enya vyake, ni kama vibarua wadogo mno, kazi yao kuzizima cheche hizo. Kwenye ugonjwa wa ufizi, cheche ni nyingi. Mtu akiongeza tumbaku, ni moto juu ya moto. Vibarua wanafanya kazi mpaka wanakwisha. Ufizi unabaki bila mzimaji, unaungua polepole, miaka na miaka, bila hata kuuma."

Bhagubai alifikiri. "Kwa hiyo wapo ndani, wanaosha, wanafuta, wanazima moto, hakuna anayewaona."

"Ndiyo."

"Na hakuna anayewasifu."

"Hapana, Bibi."

"Hao ni wakaza mwana," akasema Bhagubai.

Sulabha akapata kikohozi cha ghafla, akatoka nje kidogo.

"Sawa," daktari akasema, akijizuia kucheka. "Sasa wako wewe wamepungua kama wa wale wa benchi la kule. Kipimo hiki peke yake hakithibitishi kitu, watu hutofautiana. Lakini sielewi. Nataka nitazame tena kinywa chako. Dakika tano, naleta vifaa."

Dakika tano zile zilitosha. Maana Bhagubai alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, na mwanamke mwenye heshima haendi kufunuliwa kinywa na daktari bila kukisafisha. Akaenda bombani, akatoa kikopo kiunoni, akasugua vizuri, juu, chini, mbele, nyuma, kwa adabu maalumu ya siku ile. Akarudi, akalala kitini, akafumbua.

Daktari Namrata aliruka nyuma. "Bibi, umekula nini?"

"Sijala kitu. Nimesafisha meno kwa ajili yako."

"Kwa kitu gani?"

"Si nilikwambia? Mishri."

Kikopo kikatolewa. Daktari akakifungua, akanusa, akapiga chafya, akanusa tena. Akamtazama Sulabha. "Hii ni mishri?"

"Ndiyo, daktari."

"Inatengenezwa kwa kitu gani?"

Sulabha akamtazama mama mkwe wake, akatazama sakafu, akasema kwa sauti ya chini, "Tumbaku."

"Si tumbaku," akadakia Bhagubai, akiinuka kitini na kitambaa shingoni. "Ilikuwa tumbaku. Nimeichoma. Ukichoma kuni unabaki na kuni? Unabaki na majivu. Nani hapa aliniuliza kama nasugua? Umeniuliza navuta, nikasema sivuti. Umeniuliza natafuna, nikasema sitafuni. Na wewe mwenyewe ulisema kwenu mnawapa watoto."

"Bibi, kwetu ni sukari."

Daktari akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Kisha akajikaza, akasema kwamba kosa ni lake pia, kwamba matibabu hayatakatwa, ila mambo mawili lazima yawe. Kwanza Bhagubai aache mishri kabisa, kwani meno hayatashika huku ufizi unachomwa kila siku. Pili ahamie benchi la kwanza, na mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba anatumia tumbaku, kwa sababu utafiti hauwezi kusimama juu ya neno la mkaza mwana.

Bhagubai akatazama benchi la kwanza. Yule mzee wa kikombe akasogea pembeni kumpa nafasi, akapigapiga ubao kwa mkono, karibu. Bhagubai akachukua kikopo chake, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani aliketi kwenye ngazi akasugua kwa hasira, akasugua kana kwamba anamkomoa mtu, na aliyekomolewa ni yeye. Alipoacha, kidole kilikuwa na damu, na jino la mbele lilikuwa limeshuka chini kuliko mwenzake. Mzee Dattaram alikuwa anarudi kutoka dukani. Akasimama mlangoni kungoja amri ya kutema. Amri haikuja.

"Nipite?" akauliza.

"Pita," akasema Bhagubai.

"Na hii?" Akaonyesha mdomo wake.

"Nimekwambia pita."

Mzee akashtuka sana. Akatema mwenyewe, akasukutua mwenyewe, akaenda kumuuliza Sulabha kama mama mkwe wake anaumwa.

Sulabha akamweleza. Dattaram alicheka kimyakimya, cherehani imesimama, mpaka machozi. Halafu akaacha kucheka, maana alimwona mkewe kupitia mlango, ameinama, ulimi unaligusagusa lile jino. Akaenda akakaa ngazini kando yake, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake mchana kweupe.

"Mama Vilas, kesho twende wote. Na mimi ufizi wangu mbovu."

"Wewe unatumia tumbaku," akasema Bhagubai kwa mazoea.

"Ndiyo," akasema Dattaram. "Mimi natumia. Wewe je?"

Bhagubai akainuka, akaingia jikoni. Lakini kesho yake walikwenda watatu. Mzee Dattaram akaenda moja kwa moja benchi la kwanza, akapokewa kama ndugu aliyepotea. Bhagubai akabaki amesimama katikati ya chumba. Daktari Namrata akaja, akauliza taratibu, "Bibi, unatumia tumbaku?" Walimu wakageuka. Madereva wakageuka. Bhagubai akafungua mdomo, akaufunga. Miaka yote alikuwa amewatukana watu kwa neno lile. Neno lilikataa kabisa kutoka, kama linavyokataa jina la mume. Na hapo ndipo akili ilipomjia, kwa sababu kwa jina la mume dawa anaijua. Akashika kiuno:

*Jani nalichoma mimi, kikaango na makaa,*
*Ni tumbaku, daktari, na ufizi wachakaa,*
*Mke wa Dattaram huyu, amekoma kukataa.*

Benchi la kwanza lilipiga makofi, na la pili pia likapiga, ingawa baadhi ya akina mama wa benchi la pili walipiga kwa mkono mmoja tu, wa pili umeshikilia kiuno penye kikopo. Wawili kati yao walihama benchi siku ileile. Daktari Namrata ilibidi aanze kuuliza watu wote upya, na tangu siku hiyo akaongeza swali la kusugua.

Kuacha kukaja, na kuacha hakukuwa na vina. Siku za kwanza kichwa kilimgonga. Tumbo likagoma, Bhagubai alikuwa wa wale wasioweza kwenda choo bila mishri, na mtaa wote ulipewa taarifa ya maendeleo ya jambo hilo. Aligombana na muuza maziwa, akagombana na ng'ombe. Alimtuhumu Sulabha kwamba anapika chakula bila chumvi, kisha kwamba ametia chumvi ya kufia. Sulabha akamletea karafuu za kubana mdomoni. Akaenda kumgombeza muuza maziwa, karafuu zikiwa mdomoni. Mara nne alitoa majani akayaweka kikaangoni, na mara nne Sulabha alikuta kikaango kinafuka, akakiepua bila neno, akapika bhakri juu yake.

"Unaniona mjinga," Bhagubai alimwambia mara ya nne.

"Nakuona mgonjwa, Mama," akasema Sulabha, akageuza mkate.

Ufizi ukaanza kuwa na rangi ya ufizi. Daktari alisafisha vifuko kimoja kimoja, akapima mate tena, akasema vibarua wanaanza kurudi kazini polepole. Lakini hakumficha: mfupa ulioliwa haurudi. La pembeni litashika. La mbele kabisa limechelewa, afadhali ling'olewe.

"Baada ya harusi," akasema Bhagubai.

"Bibi, halitafika."

"Nimelibembeleza miezi yote hii. Litafika."

Daktari akalifunga kwa waya mwembamba kwenye majirani zake, akamwonya asiume chochote kigumu kuliko ndizi. Bhagubai akaapa kwa Ambabai. Mazoezi akayafanya mbele ya kioo, D na T zikatoka safi. Ubeti wa kumlaza Sarubai ukawa tayari, mtamu mpaka aliucheka peke yake jikoni.

Siku ya harusi ikafika. Manjano yakapakwa, ngoma ikapigwa, Rupali akavishwa akawa kama si yeye. Baada ya mchele kurushwa na ndoa kutimia, wanawake wakakusanyika mkekani, pande mbili zinatazamana. Sarubai alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nene, na kabla ya lolote akamsogezea Bhagubai kikopo chake, kwa heshima ya ukwe.

"Karibu, mkwe. Ni mishri tu, ya meno. Mimi situmii tumbaku."

"Hadithi hiyo naijua," akasema Bhagubai. "Mimi ndiye mtungaji wake."

Sarubai hakuelewa, akadhani anadharauliwa. Na mtu akidhani hivyo, lazima apatanishwe, na njia ya kuwapatanisha wakwe ni kulishana ladu, yale madonge matamu ya unga na sukari, kwa mikono. Ladu za upande wa bwana harusi zilikuwa zimepikwa siku nyingi kabla, zimekauka zikawa ngumu kweli. Bhagubai aliiona inakuja. Akikataa, ni tusi kwa ukoo mzima, na Rupali ndiye atakayelilipa kule aendako. Wanawake wote wanatazama. Akamtazama mjukuu wake, akafunga macho, akauma.

Pakasikika "kak". Sarubai akavuta mkono wake, akaitazama ladu. Katikati yake, wima kabisa, limesimama jino la Bhagubai, na kipande cha waya kinaning'inia.

"Mkwe," akasema Sarubai, "hiki ni chako?"

Kicheko kililipuka pande zote mbili. Bhagubai naye akacheka, maana angefanya nini, mkono mdomoni, machozi yanamtoka, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Ndani ya kile kiganja, kwa siri, akajaribu: D. Upepo. T. Upepo na mate. Wanawake wakaanza kupiga makofi ya kumwita. "Bhagubai, jina. Bhagubai, jina." Sarubai naye akapiga, akijua kinachoendelea, bibi yule hakuwa mjinga.

Bhagubai akakaa. Mara ya kwanza katika maisha yake aliitwa na asisimame. Makofi yakaanza kulegea, watu wakatazamana. Akageuka nyuma, akamwona Sulabha amesimama na sinia la vikombe, kama alivyosimama kwenye kila harusi tangu aolewe. Akamnyang'anya sinia, akamsukuma mgongoni.

"Nenda wewe," akasema, na maneno yakatoka na upepo.

"Mama, mimi sijui."

"Hata ukikwama. Nenda."

Sulabha akatoka mbele. Hakushika kiuno. Mikono aliikunja, akatazama mkeka, na sauti ikatoka ndogo ikakua:

*Moto nawasha mapema, kisha naosha sahani,*
*Maneno nimeyameza, yamejaa kifuani,*
*Jino la mama halipo, mlango wazi jamani,*
*Nipite na Vilas wangu, nimtaje hadharani.*

Ikazuka kelele ambayo Bhagubai hakuwahi kupigiwa. Wanawake walisimama. Sarubai alitupa ladu na jino lake, akapiga magoti ya kushindwa kwa mzaha, akadai tena, tena. Upande wa wanaume Vilas alisikika akiuliza, "Nani huyo? Ni mke wangu huyo?"

Wivu ulimchoma Bhagubai, ukamchoma sawasawa, hapa chini ya mbavu. Ubeti ule ulikuwa bora kuliko wake, ule wa jikoni, bora kuliko zote alizowahi kutoa, na alizijua beti vya kutosha asiweze kujidanganya. Sulabha akarudi, uso unawaka, akanyoosha mikono kupokea sinia lake.

Bhagubai hakumpa. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" akamuuliza.

"Nyuma yako, Mama," akasema Sulabha.

Wanawake walikuwa bado wanapiga makofi wakiomba mwingine. Bhagubai alikaa na sinia mapajani, pengo wazi, bila kukumbuka kulifunika. Kisha akainuka, akaanza kuwagawia watu chai.